Paka Aliyepewa Daku

Mwanamize shoga yangu, salamu baadaye. Daktari wa wanyama amenirudisha na paka wangu. Hakumpasua, amenirudisha.

Alisema paka asile tangu jana jioni, maana akilazwa kwa dawa na tumbo limejaa atapaliwa afe. Nikamfungia chumbani. Leo nikambeba kapuni, mimi na saumu yangu, mpaka ng'ambo ya Mnazi Mmoja.

Daktari akauliza, "Amekula?" Nikamjibu, "Wallahi hajala." Paka akatapika kipande cha samaki nguru palepale mezani. Kiapo changu hata hakijapoa.

Nimerudi, jirani yangu Hind ananiambia bila haya, "Nilimpitishia dirishani wakati wa daku, Bi Siti. Mgonjwa hafungi."

Mgonjwa hafungi. Paka, shoga.

Na uvimbe wa tumboni umefika ukubwa wa limau. Daktari atampasua kesho asubuhi, la sivyo basi, anakwenda bara kutibu ng'ombe.

Kitendawili: anaua kwa huruma, silaha yake nguru. Usinipe mji, jibu unalijua.

Usiku huu paka atalala kwako. Akilia, lia naye, lakini usimpe kitu.