Pete Iliyotokea Nusu

Jumamosi, 12 Julai. Asubuhi ya baridi kavu, upepo wa vumbi, vidole vimekufa ganzi. Moyo wangu nao ulikuwa hivyo hivyo.

Umeme ulikatika jana mchana na haukurudi. Mimi huandaa vifaa vya maabara, na mdogo wangu Clarisse anamalizia masomo yake humo. Seli zake za bakteria zinahitaji joto kama vifaranga, na kabati ya joto ilikuwa imezimika. Profesa wake alishasema: bila pete kamili, hatatetea kazi yake Jumatatu. Atangoja mwaka mwingine.

Nieleze hiyo pete. Clarisse anataka kujua jinsi seli za mtoto tumboni zinavyoambiana ipi iwe kidole na ipi iwe mfupa. Tumboni hatuwezi kuchungulia, kwa hiyo anatumia bakteria waliobadilishwa chembe za urithi. Katikati ya kisahani anatia tone la wale wanaotoa ujumbe. Kulizunguka, wale wanaoupokea. Ujumbe ukiwa mwingi mno, hawawaki. Ukiwa hafifu, hawawaki. Ukiwa wa kadiri tu, wanawaka kijani chini ya taa ya bluu ya betri.

Ndiyo pete.

Jana jioni niliwasha mbabula, jiko la makaa, uani, nikachemsha maji, nikajaza bidoni ya plastiki na kuiweka ndani ya glasiere, lile sanduku la kutunza baridi au joto, kando ya visahani. Nikafunika kwa kitambaa cha kikwembe, jinsi mama anavyofunika kinywaji chake cha munkoyo ili kichachuke. Nikajisifu njia nzima hadi nyumbani Kasungami.

Leo asubuhi tulifunua, tukawasha taa. Kila kisahani kilikuwa na nusu pete, kama mwezi mchanga.

Clarisse alikaa chini kwenye saruji. “Yaya, huyu mutoto iko na mukono moja tu,” alisema; Yaya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. Akaniomba nimwage vyote ndani ya javel, dawa ya kuulia vijidudu, kabla hajaanza kulia.

Nakiri: nilifungua chupa ya javel. Nikiona mtu wangu ameumia, mikono yangu hutafuta kazi.

Nilikuwa nimeinua kisahani cha kwanza aliponishika mkono. Aliuliza bidoni ilikuwa upande gani. Nilimwonyesha. Tulivirudisha vyote kama vilivyokuwa, tukifuata alama za kalamu zilizo juu yake, tukatazama. Nusu zote zilielekea kwenye bidoni, kwenye joto.

“Basi hazikukatala,” alisema polepole. “Iko baridi tu.”

Tukavigeuza vyote, upande wa baridi uelekee bidoni. Siku nzima nilipuliza makaa na kubadilisha maji, yeye akanitania kwamba nimekuwa mukunga wa bakteria. Tulikula mihogo ya kuchoma kwenye ngazi, nje ya maabara.

Jua likikaribia kuzama, aliwasha tena taa ya bluu. Hakuniita. Alisogea tu, akaniachia nafasi nitazame.

Pete imefunga.

Upande mmoja ni mwembamba kidogo, lakini imefunga. Alimtumia profesa picha na kumweleza yote. Jibu lilikuja tukiwa njiani: aje Jumatatu, na ile nusu aionyeshe pia, asiifiche.

Clarisse alinisomea mara mbili, kisha akalala begani mwangu ndani ya teksi kama alipokuwa mdogo. Sasa anakoroma chumba cha pili. Kwa mara ya kwanza wiki hii, makelele yake hayanisumbui.

Kesho baada ya misa nitampigia pasi ya makaa koti lake la Jumatatu. Makaa yamebaki ya kutosha.

Saa nne na nusu usiku. Nalala.