Simu Yangu Ilizama kwenye Kimchi, Mume Wangu Kashika Bango

Kwako Shangazi Malsun,

Nakuomba unishauri upesi, kabla mume wangu hajaugua kifua akiwa amesimama kwenye mlango wa watu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na ushee, nakaa mjini Suncheon, Korea, mikono yangu inajua kupika lakini haijui kushika kitu kikashikika, na simu yangu, ambayo waranti yake haijaisha, imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Ilikuwa siku ya kutia kimchi ya majira ya baridi, ile kabichi tunayoichachusha kwa pilipili, tumejazana uani kwa mama mkwe, kabichi zimelazwa kama wagonjwa wodini, mimi nimevaa glavu za mpira, pilipili imenipanda hadi viwikoni, mara binti yangu Boram akapiga simu ya video kutoka Busan, anataka kutuona tunavyohangaika, nikaiegemeza simu kwenye ukingo wa beseni, nikageuka kumzodoa wifi yangu Hyangsuk, "Wifi, hiyo ni pilipili au unajipaka poda?" naye akanijibu, "Punguza yako wewe, ndiyo maana kaka yangu anakunywa maji usiku kucha," tukacheka, na nilipogeuka tena Boram alikuwa anaongea kutoka ndani ya mchuzi. Nikaiopoa, nikaifuta kwa aproni, ikawaka, nikasema kumbe kweli simu za siku hizi haziingii maji, si ndivyo tangazo linavyosema? Wiki haikuisha ikazimika moja kwa moja.

Mume wangu akaniuliza, "Mama Boram, umeiangusha?" Nikamwambia, "Nani, mimi?" Najua hilo si jibu, Shangazi, lakini yeye alilipokea kama jibu, akaibeba hadi kituo cha huduma, na fundi mmoja anaitwa Tak, mtu mzima mwenye upara unaoanza, akaifungua akapiga chafya. Akasema kwa adabu zote, "Mheshimiwa mteja, kuna kitu cha majimaji kimeingia, kibandiko cha ndani kinachoonyesha maji kimegeuka kuwa chekundu, waranti haiwezi kuhusika." Mume wangu akawaka, "Mke wangu angeimwagia kitu angeniambia! Unamwita mwongo?" Na kituo kikuu kilipompigia kumuuliza, kama wanavyotupigia sote, ameridhika kiasi gani kati ya kumi, akasema sifuri, akaomba waiandike kwa herufi kubwa.

Haikuishia hapo. Ametengeneza bango, na kila mapumziko ya mchana anasimama nalo peke yake mbele ya kituo, limeandikwa: NILIUZIWA SIMU ISIYOINGIA MAJI, NIMENYIMWA WARANTI KWA SABABU YA MAJI. Wazee wa chama chake cha kupanda milima wanampelekea chai ya shayiri na kumpigia makofi, na sijamwona ana furaha hivi tangu Boram azaliwe. Lakini juzi Tak alitoka nje akamwinamia, akamwambia, "Mheshimiwa, kwa ile sifuri mkataba wangu huenda usiongezwe, nakuomba uifikirie upya." Mume wangu amenisimulia kwa ushindi, nami nimekaa kukuandikia.

Nikisema, mume wangu ataaibika mbele ya chama kizima. Nikinyamaza, Tak atapoteza kazi. Tena simu hiyo ilikuwa inajizima yenyewe tangu kiangazi, nikaipeleka kituo hichohicho, wakaishika kidogo wakasema haina tatizo, ikirudia niirudishe. Kwa hiyo najiambia labda ingekufa tu hata bila kimchi. Je, siruhusiwi kunyamaza?

Mama Boram

—

Mama Boram,

Huruhusiwi.

Pole kwa simu. Mumeo simpi pole, naona amepata kazi anayoipenda. Pole yangu kubwa ni kwa Tak, ambaye kosa lake lote ni kuwa na pua inayonusa. Nami nakuelewa, kwangu sahani ikivunjika nikiulizwa nani, mimi huuliza hali ya hewa ikoje. Ila sahani haifukuzishi mtu kazi.

Sasa nisikilize. Umechanganya mambo mawili kwenye beseni moja. Kuzama ni kwako. Tangazo likisema simu haiingii maji, linamaanisha maji safi na kwa muda mfupi. Hakuna kiwanda kinachoijaribu simu kwa pilipili na dagaa waliochacha wa kwenye kimchi. Lakini kujizima tangu kiangazi ni kwao. Uliripoti mapema, ndani ya waranti, wakakurudisha nyumbani. Hiyo ndiyo haki yako, na umeifunika kwa uongo mpaka wewe mwenyewe huioni.

Kwa hiyo nenda kituoni, sema simu ilizama, halafu waombe wafungue kumbukumbu za ile safari yako ya kiangazi. Wakuandikie, kwa maandishi, kipi kimeharibiwa na mchuzi na kipi kilikuwa kibovu tangu zamani. Wakikataa kuandika, au wakikataa kilicho chao, peleka malalamiko kwenye ofisi ya kulinda walaji, ukiwa na ukweli wote mkononi. Inawezekana bado wakakukatalia. Ikiwa hivyo, utalipia matengenezo kama watu wengine wanaotumbukiza vitu, na hutakuwa umeonewa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Sifuri ya Tak itafutwa na aliyeitoa tu, yaani mumeo, na mumeo hawezi kufuta asichokijua. Mwambie leo, mkiwa wawili, si mbele ya Hyangsuk, ambaye atacheka, wala mbele ya wapanda milima. Sema, "Baba Boram, niliizamisha mimi, nikakuacha usimame kwenye baridi." Hapo nyamaza. Atakasirika, na ana haki. Usimkimbilie na habari za kiangazi kabla hajamaliza kukasirika. Na usimwambie alikuwa mjinga kukuamini. Alikutetea mbele za watu bila kukuuliza mara ya pili, na wanawake wengi wanaoniandikia wangetamani hilo zaidi ya simu.

Kesho apigie simu kituo kikuu abadilishe ile alama. Kisha mwende wote wawili, bango libaki nyumbani. Na mbele ya meneja uongee wewe kwanza, kabla Tak hajaanza kuinama na kuomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Shangazi Malsun