Fundo la Mama

Jumanne, 11 Juni
Mkaguzi anakuja Alhamisi. Ataketi nyuma ya darasa langu kipindi kizima, halafu atajaza fomu: nithibitishwe kazini au nifungashe virago. Na somo lililoniangukia ni dénouement. Kitabu kinasema "sehemu ya mwisho ya hadithi" — basi. Wanafunzi watanakili hivyo hivyo na kusinzia. Mimi mwenyewe ningesinzia.

Jumatano, 12 Juni
Nimepata! Kamusi ya Kifaransa, maktabani, kurasa zimeanza kuchomoka: neno linatokana na kufungua fundo. Kumbe si mwisho tu. Ni pale mambo yaliyosokotana yanapoachia, ukaona kila uzi ulipita wapi.
Nitafungua fundo mbele yao. Nimemwomba Mama anifungie moja kwenye kamba nyekundu, kubwa, la kuonekana hadi nyuma. Akauliza kama nilisomea ualimu miaka yote ile ili nikafundishe kamba. Lakini amelifunga, kazi za wateja zikimsubiri kwenye cherehani.

Alhamisi, 13 Juni
Chumba cha walimu, saa tano.
Fundo limekataa. Nimevuta, nimepinda, kucha imevunjika — wapi! Mama ni fundi nguo. Miaka thelathini anafunga mafundo yasifunguke, vifungo vya watu visidondoke. Nami nilisahau kumwambia kwamba hili ni la kufunguliwa. Virago vyangu niliviona kabisa.
Ndipo akasimama yule tunayemwita Wakili, ambaye hulala kila kipindi. Akasema nianze na kitanzi cha ndani, cha nje kinadanganya. Mwenzake akabisha. Mara darasa zima liko mbele. Nikauliza, sasa hivi tuko wapi kwenye hadithi? Wakajibu wote: bado, halijaachia. Wameelewa! Nilitaka kulia kwa furaha.
Nikasema nilete mkasi. Wakakataa, eti huko ni kuchana kurasa za mwisho. Mkaguzi naye akakataa. Akaja mbele, akaiomba kamba. Akasema neno hilo alilikariri kama kasuku tangu chuoni, leo ndiyo amelielewa.
Kengele imelia kitambo. Dirishani namwona mkaguzi bado darasani, amevua koti, wamemzunguka, Wakili anamwelekeza. Fomu yangu, aliyoniachia nimshikie, iko hapa mezani, kalamu yake juu, bila saini.
Sasa ameanza kutumia meno.