Kipengele cha Tisa, Chenye Nyota

Jumanne, 4 Juni

Hamsini na nane. Hamsini na nane! Miaka kumi na moja nashika watoto wachanga, na nimepata hamsini na nane kwa doli la plastiki. Alama ya kufaulu mtihani wa cheti ni sabini.

Kituo cha tatu ndicho kilichoniangusha: kumwekea mtoto njiti mpira wa kulishia. Kazi ninayoifanya mara sita kwa zamu! Nimeupitisha puani vizuri, nimevuta kidogo kwa bomba, nimedondoshea kwenye karatasi ya kupimia asidi, karatasi imegeuka rangi (tumboni mwa doli huwa wanaweka siki), nimebandika plasta. Safi kabisa. Halafu kwenye fomu: hakufanya. Kipengele cha tisa — kuhakikisha mpira uko tumboni, si kwenye mapafu. Kina nyota. Ukikosa chenye nyota, kituo kizima sifuri.

Nikamfuata mtahini koridoni. Mama Tiki, ndivyo tunavyomwita. Nikamwambia nilifanya, karatasi ilikuwa mkononi mwangu! Akasema hakuiona, bega langu lilimkinga, na hakusikia nikisema. Mwanafunzi anatamka kila hatua kwa sauti. Usiposema, hujafanya.

Kwa sauti! Siku yangu ya kwanza chumba cha njiti, Sista Mkuu hakuniambia hata karibu. Aliweka kidole mdomoni, basi. Viatu vya raba, simu nje, mlango umefungwa kitambaa usigonge. Mtoto wa kilo moja akishtuka tu, oksijeni inashuka. Nimefundishwa kunyamaza miaka kumi na moja, na leo nimefelishwa kwa kunyamaza. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi zamu.

Jumatano, 5 Juni

Sista Mkuu kaniita. Marudio Alhamisi ijayo, tarehe 13. Mara moja tu, hakuna tena. Na kuanzia Julai, asiye na cheti cha uuguzi wa watoto wachanga haruhusiwi kugusa njiti. Nikifeli napelekwa dirisha la kadi. Niandike majina na umri wa watu mpaka nistaafu! Aliyasema yote hayo anatazama kalenda ukutani, mimi hakunitazama. Najua linamuuma, lakini hana la kufanya.

Mwenzangu wa darasa, tunayemwita Redio, kapata tisini na moja. Katoka wodi ya mifupa. Mwezi uliopita aliniuliza kwa siri kama njiti ana uchungu akichomwa. Lakini anaongea toka mlangoni mpaka mlangoni, na kila neno Mama Tiki anaweka tiki. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Kaja mwenyewe, kakaa karibu yangu. "Dada, wewe jifanye unatangaza mechi," kasema. "Usiwaze mtoto. Waza wasikilizaji."

Usiwaze mtoto. Loo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya mazoezi jikoni. Soksi ya baba watoto nimeijaza mchele, ndiyo mgonjwa. "Nanawa mikono. Naangalia utepe wa jina. Napima kutoka puani hadi sikioni, hadi chini ya kifua." Sauti inatoka kama ya mwizi aliyekamatwa.

Mama mkwe akachungulia. Kisha akauliza kama soksi imeitikia.

Nikamweleza yote. Hakutania tena. Akavaa miwani, akachukua orodha na kalamu, akakaa kwenye kigoda. "Haya, anza upya. Na useme, maana mimi masikio yangu unayajua." Mara ya kwanza nilisahau kutamka vitano. Mara ya nne, viwili. Cha tisa nilikisahau mara zote nne. Mkono unakifanya wenyewe, mdomo hauna habari.

Kingine: mimi huanza kwa kupasha mikono moto. Nasugua viganja kwanza, mtoto asishtuke na ubaridi. Nimeitafuta hiyo kwenye orodha juu mpaka chini. Haimo.

Jumapili, 9 Juni

Ugomvi. Baba watoto kasema dirisha la kadi si baya, angalau nitakuwa nakaa chini. Alikuwa anataka kunipoza, najua. Nikamjibu vibaya mbele ya mama yake. Nikamwambia yeye hajawahi kumpokea mtu mwenye uzito wa mfuko wa sukari akamrudisha kwa mama yake ana mashavu. Akatoka nje. Mama mkwe akaendelea kupeta mchele kama hakusikia kitu.

Siwezi kufanya kazi nyingine. Sitaki! Nikitolewa mle sijui nitakuwa nani.

Jumatatu, 10 Juni

Sasa ndiyo nimeharibika kabisa. Leo zamuni, kwenye inkubeta namba mbili, nimejikuta natamka: "Nanawa mikono." Mtoto akarusha mikono yote miwili. Sista Mkuu akanigeukia na jicho lile. Kama nimetukana.

Nyumbani sisemi vya kutosha, kazini nasema kupita kiasi. Nimekuwa si wa huku si wa kule.

Jumatano, 12 Juni

Doli limevunjika shingo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza! Jingine halijafika. Kwa hiyo marudio ni wodini, kwa mtoto wa kweli, Mama Tiki kasimama pembeni na fomu yake.

Wamenipa wa inkubeta namba nne. Tunamwita Mstaafu, ana makunyanzi ya mtu aliyechoka na ofisi. Siku tisa, kilo moja na gramu mia. Mama yake karidhia, kasema afadhali niwe mimi. Sikumwambia nilifeli.

Mstaafu hapendi sauti. Anayemjua kuliko wote ni mimi. Mungu wangu!

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nimekaa juu ya marobota, chumba cha mashuka. Niandike yote, nisije nikayageuza baadaye.

Saa nne kamili asubuhi. Mama Tiki kafika, kalamu mkononi. Monita ya Mstaafu inasoma oksijeni tisini na nne. Nikaanza kwa sauti ya mazoezi, ile aliyoipitisha mama mkwe. "Nanawa mikono." Tiki. "Najitambulisha kwa mzazi." Tiki. "Naangalia utepe wa mguuni." Tiki. Naenda vizuri! Tisini na moja. "Naandaa vifaa." Tiki. Mstaafu kakunja uso. Themanini na nane. Nikafungua kidirisha cha inkubeta, nikasema, "Napima kutoka puani—"

Akaruka mwili mzima. Themanini na nne. Monita ikaanza kulia, na kule kulia kukamshtua zaidi. Themanini na moja. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Nikanyamaza. Sikuamua, jamani, nasema kweli. Mdomo ulijifunga. Nikazima kengele, nikaweka kiganja kimoja kichwani, kingine nikamkunjia miguu, nikamshika hivyo hivyo. Hatukusogea, mimi na yeye. Themanini na sita. Tisini. Tisini na tatu. Huku najua kalamu imesimama.

Nikaweka mpira bila neno. Hakushtuka hata kidogo. Nikavuta, nikadondosha kwenye karatasi, ikageuka rangi. Cha tisa. Nikakikumbuka! Safari hii mdomo ulikuwa na habari zote, neno lilikuwa mwisho wa ulimi. Nikageuka niseme, nikaona Mstaafu kalala.

Sikusema. Niliinua karatasi juu ili mtahini aione. Mama Tiki alikuwa anatazama monita, tisini na tano. Sijui kama aliiona. Kweli sijui.

Nikabandika plasta. Mama Tiki akafunika kalamu yake, akatoka nje. Fomu aliiacha juu ya toroli, nikachungulia. Tiki nne za juu. Kuanzia cha tano mpaka cha mwisho hakuna kitu. Nyeupe. Nyota iko pale peke yake, kisanduku kitupu.

Basi. Dirisha la kadi. Mama mkwe nitamwambia nini? Kakaa kwenye kigoda wiki nzima kwa ajili yangu.

Kupitia kioo cha mlango namwona Mama Tiki karudi. Yuko kwa Mstaafu. Ananawa. Anasugua viganja, muda mrefu, kama mimi. Anafungua kidirisha. Ana bomba dogo mkononi — anavuta kwenye mpira wangu. Kachukua karatasi, anadondosha, anaitazama. Anahakikisha mwenyewe. Cha tisa! Na midomo yake imefungwa, hatamki hata neno.

Kageuka, kaniona. Karatasi bado kaishika. Ananiita, kwa kidole tu—