Kiapo Juu ya Sabuni

Jumatatu, 6 Machi 2006

Karavani sita kabla ya saa sita. Vidole vimechubuka. Pasaka inakaribia, na wazee wote wa Birmingham wanazitoa nyumba zao za magurudumu zikiwa na ukungu wa kijani ubavuni. Mimi huku Tyseley, kwenye yadi ya karavani, asubuhi naosha, mchana nasimama kaunta nauza sabuni.

Mwaka wa pili sasa na bado nashangaa. Leo nimefungua moja mpya kabisa. Meza inageuka kitanda. Kiti kina kabati ndani. Friji inawashwa kwa gesi, yaani baridi inatoka kwenye moto! Nani alikaa chini akafikiria hili? Mashallah.

Ayeeyo, nyanya yangu, alihama na nyumba yake juu ya ngamia, kule nje ya Garissa. Miti, mikeka, kamba. Alihama kwa sababu nyasi ziliisha. Hawa wana nyumba ya matofali na maji ya moto, na bado wanahama. Kwa hiari! Wanaenda kulala kwenye mvua na wanarudi wakitabasamu. Ayeeyo angewaona angecheka mpaka alie.

Jumanne, 7 Machi

Meneja kanisifu mbele ya watu. Eti nauza shampuu ya karavani kumshinda yeye. Mbona ni rahisi. Maneno ni yale aliyonifundisha, na yapo kwenye karatasi ya kaunta: usipoosha kwa shampuu yetu, waranti ya kiwanda imekufa. Miaka mitatu ya kutengenezewa bure, kwisha. Ukimwambia mtu hivyo uso unambadilika. Hata habishani.

Mgongo unauma.

Jumatano, 8 Machi

Leo nimepata mtu wa nyumbani! Mzee Singasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe safi. Alinisikia nikinung'unika Kiswahili nilipoangusha ndoo. "Wewe mtu ya Kenya?" Nikaruka. Mzee Gurdial, fundi wa mbao, mzaliwa wa Kisumu. Mimi Msomali wa Islii, Nairobi. Tumecheka kama watoto. Waingereza waliokuwa kwenye foleni walitutazama tu.

Nilimpa maneno yangu ya shampuu. Akaikataa ile karatasi ya kaunta kwa kichwa. Karatasi mtu yeyote anaandika. Akakunja mikono, akaniambia kama anavyoambiwa muuzaji kule kwetu: "Apa." Mteja Mwingereza haombi kiapo, anaomba risiti. Nikaweka mkono kifuani. Wallahi, Mzee. Haki ya Mungu.

Akashusha mikono. Kumbe miaka yote karavani yake anaiosha kwa sabuni ya vyombo, mkewe ndiye anayemchanganyia kwenye ndoo. Sasa kona ya juu ya kitanda inavuja, ukuta umelowa. Alikuwa amekuja na karatasi zake zote, ukaguzi wa kila mwaka umepigwa muhuri, ili itengenezwe bure kabla waranti haijaisha tarehe thelathini na moja. Akazikunja polepole akazirudisha ndani ya koti. Akanunua chupa tatu. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli.

Nikamwambia pole. Nimekuwa na raha siku nzima.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua. Nimejificha ndani ya ile karavani mpya, nikavuta droo, nikakuta kitabu cha kiwanda. Nikakisoma kwa kukosa la kufanya.

Ukurasa wa kuosha: maji ya uvuguvugu na sabuni yoyote isiyo kali.

Yoyote.

Nimesoma mara tatu. Nimesoma na kurasa za waranti, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Shampuu yetu haimo. Haimo popote. Kinachotakiwa ni ukaguzi wa unyevu kila mwaka, na Mzee anao, nimeiona mihuri kwa macho yangu.

Mwaka wa pili naosha karavani zenye kitabu hiki droo ya kwanza, na sijawahi kukifungua. Na nimeapa. Nimeapa kwa jina la Mungu juu ya kitu ambacho sikusoma. Kitabu nimekitia mkobani.

Ijumaa, 10 Machi

Nimempelekea meneja kitabu. Hata hakukishika. Kasema kila mtu anasema hivyo, ni maneno ya biashara tu, na wateja hawasomi. Hapo hakusema uongo.

Saa ya chakula nikapiga simu kiwandani. Nilidhani wataniuliza mimi nani. Mama mmoja akapokea. Hakuniuliza chochote. Akaenda, akarudi, akanisomea ukurasa ule ule: sabuni yoyote, mpenzi, hata ya vyombo, mradi uisuuze vizuri. Nilipomweleza habari ya Mzee, akasema apige moja kwa moja, waranti yake ina muda bado. Dakika nne. Ukweli wote ule ulikuwa umekaa mwisho wa simu ya dakika nne, unamngoja mtu wa kuuliza. Nimeduwaa mpaka sasa.

Meneja alinisikia. Kasema nikimwendea mteja yeyote kwa habari hii, Jumatatu nisirudi.

Jumamosi, 11 Machi

Sikwenda Erdington kwa Mzee. Nina anwani, niliinakili kutoka kitabu cha mauzo. Nimefua. Nimepika. Nimefua tena nguo zilizokuwa safi. Mimi, mdomo wangu wote wa Islii, kimya kama nimelishwa gundi.

Nimemuuliza sheikh msikitini. Kasema uliapa ukidhani ni kweli, huna kafara ya kufunga siku tatu. Nikamshukuru. Lakini sheikh hajui kwamba sikutaka kujua. Shampuu ilikuwa inauzika.

Naogopa kukosa kazi. Namwogopa Mzee zaidi.

Jumapili, 12 Machi

Nimekwenda.

Karavani ipo mbele ya nyumba, inang'aa. Kaiosha kwa shampuu yangu. Nikataka ardhi inimeze. Mzee akafungua mlango, akafurahi, akamwita mkewe, mgeni wa nyumbani kaja! Mama Harbans akatoka jikoni, akanisalimia chini chini, akarudi. Mzee akaninong'oneza kwamba tangu Jumatano mkewe hali vizuri. Anasema yeye ndiye aliyeua waranti kwa sabuni yake. Miaka mingapi waliingoja karavani hii, na yeye kaiharibu kwa ndoo.

Nikalia palepale kwenye zulia. Nikatoa kitabu. Nikasema yote: kiapo changu ni cha uongo, sikusoma, nisamehe, pigeni simu kesho asubuhi.

Mzee alivaa miwani. Akasoma. Muda mrefu. Nilingoja matusi, nilikuwa nayataka. Hakunitazama hata. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasema kwa Kiswahili, nafikiri ili nami nisikie: "Mama, sabuni yako haina makosa."

Sijawahi kuona uso ukifunguka vile. Yule mama alikaa juu ya ngazi akajifuta macho kwa dupata, ule mtandio wake, akacheka, akalia, akacheka. Kisha akanijia. Nikajua sasa ndiyo kofi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akanibusu utosini. Mimi! Mimi niliyemlaza njaa siku nne. Ya Rabbi, watu wa aina hii unawatoa wapi?

Mzee ndiye aliyenipa dozi yangu, mlangoni, taratibu. Binti, siku nyingine soma kwanza, apa baadaye. Iliniingia mpaka mfupani.

Jumatatu, 13 Machi

Nimemwambia meneja mwenyewe, kabla hajaambiwa. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimechoka kuitembea. Akaninyooshea mlango. Nikachukua glavu zangu na ile karatasi ya kaunta. Nimeichana kwenye kituo cha basi vipande vidogo vidogo. Hasira zangu zote zilikuwa kwenye vidole.

Sina kazi. Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa.

Alhamisi, 23 Machi

Mzee kapiga simu. Mkaguzi wa kiwanda amekuja, kapima ukuta kwa kidude chake. Silikoni ya kuziba paa iliwekwa vibaya tangu kiwandani. Hakuuliza sabuni! Wanatengeneza bure, na siku nane za waranti zimebaki. Mama Harbans alichukua simu akasema neno moja tu, njoo.

Nimeanza kuosha karavani za majirani wa Mzee, majumbani kwao. Tatu wiki hii. Kila mmoja nampa kitabu chake mkononi kwanza, namfungulia ukurasa. Mmoja kaniona kichaa.

Alhamisi, 6 Aprili

Siku ya tatu ya kufunga. Sheikh alisema sina deni. Nimefunga tu.

Nimefuturu Erdington, ndani ya karavani, Mama Harbans alitaka iwe humo. Alikuwa amenitafutia tende, sijui wapi. Chai ya maziwa, tangawizi nyingi, chapati. Wao wawili walikaa na chai zao mbele yao, hawakuzigusa mpaka mimi nilipoinua tende. Hakuna aliyewafundisha.

Kisha mvua ikaja. Kubwa, juu ya paa, mpaka hatukusikiana. Wote watatu tukatazama kona ile moja. Ayeeyo naye alikuwa hivyo mvua ikianza, anatazama juu ya mikeka, anangoja. Mzee kaoga mvua nyingi maishani, lakini alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Hakuna tone. Mama Harbans akainuka akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Akaniita kwa jicho. Nikaweka changu kando ya chake.

Pakavu. Tukasimama hivyo mpaka mvua ikapungua, halafu nikaosha vikombe kwa sabuni yake.