Mibilizi Miwili ya Ijumbi

Tata,

Nakuandikia, baba yangu, nikiwa na hasira, na sitaificha. Yule mtaalamu wa mimea amekubali kwamba ulisema kweli. Ila hasemi kwamba ni wewe uliyesema.

Unakumbuka alivyokuja Ijumbi kukusanya mimea ya ukoo wa alizeti. Ulimwonyesha mibilizi miwili, ile miti yako ya dawa yenye majani machungu, nyuma ya nyumba. Akatazama majani, akachambua vimaua, akasema ni aina moja. Ukajibu kwa Kihaya: "Huu unashusha homa, ule unatapisha. Mwambie aonje kwanza."

Mimi, msaidizi wake wa maabara na mkalimani wake siku ile, niliona aibu. Badala ya kutafsiri, nikamwambia unamshukuru kwa kututembelea. Na Kiswahili ulikuwa unakielewa vizuri, Tata. Ulinitazama tu, ukaenda kibanjani, kwenye migomba yako, kututafutia ndizi za kubeba. Hilo halijanitoka.

Ndiyo maana baada ya kukuzika nilichuma majani ya yote miwili, nikayakausha, nikayapeleka maabara Bukoba. Nilitenganisha kemikali zake kwa mikono yangu, nikarudia mara tatu. Mmoja una kemikali chungu ambazo mwenzake hana kabisa. Maua ni yale yale, ila kilichomo ndani ya majani kinakataa kwamba ni aina moja.

Mtaalamu akafurahi. Kikaoni akawaambia wenzake, "Tumegundua." Nikasimama.

"Hatujagundua," nikasema. "Tuliambiwa, na mimi ndiye niliyeficha."

Akanijibu kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, kwamba ulimi wa mkulima si kipimo, na kwamba ripoti itawashukuru wenyeji. Wenyeji! Wenyeji gani? Nani mwingine aliyaonja majani yale miaka yote, akatapika yeye ili watoto wa majirani wasitapike?

Ripoti inahitaji saini yangu kwa sababu vipimo ni vyangu. Iko mezani kwangu hapa Buhembe tangu Jumatatu. Amenikumbusha mara mbili. Mara ya pili akagusia mkataba wangu wa kazi. Na auvunje.

Nisamehe kwa siku ile. Pumzika, Tata. Nakuahidi sitasaini mpaka neno "wenyeji" lifutwe, na mahali pake lisomeke jina lako lote, la ubatizo na la Kihaya.

Binti yako,
Koku