Pale Bibi Alipopandisha

Jumatatu, 4 Machi
Bila mimi kanisa letu lisingekuwa na mlango. Niliuchomelea kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chai! Leo kikao cha familia, sebuleni kwa dada. Jumapili unatimia mwaka tangu Mama atutoke — mama yangu mimi, Bibi wa ukoo mzima. Nani ataanzisha wimbo wake ibadani? Nikasema, mimi! Nani mwingine? Benchi moja naye tangu utoto. Kila tukitoka alinigusa bega: mwanangu, leo umeimba.

Jumatano, 6 Machi
Vita! Mwalimu wa kwaya hataki wimbo uimbwe kwa makosa ya Bibi. Eti kwenye kiitikio sauti hushuka. Kwa Bibi ilipanda! Ilipanda kama mtu anayefukuza kuku juu ya paa, nasi tukamfuata tangu tumboni. Kwaya inashuka, benchi letu linapanda, mchungaji kafumba macho. Tulidhani anaomba.
Nikamwambia mwalimu, siku moja alipandisha mpaka balbu ya madhabahuni ikapasuka. (Ilitikisika. Lakini ilitikisika sana!)
Akauliza kama nitaweza peke yangu. Nikamjibu, mtoto wa nyoka ni nyoka — halafu nikakumbuka tuko kanisani. Kacheka, kakubali. Ila nikiyumba tu, kwaya inachukua wimbo na kuushusha.

Alhamisi, 7 Machi
Karakana. Nimekumbuka sala zake za chakula. Ndefu! Mchuzi unaganda. Alimshukuru Mungu hata kwa kuku aliye sahanini: na huyu, Bwana, alitaga vizuri. Nimecheka mpaka cheche zikatoboa soksi.

Jumamosi, 9 Machi
Mazoezi kwa dada. Nimefunga tai. Nimekohoa. Nikaomba maji. Nikakohoa.
"Kaka, hiyo glasi ya tatu. Unaimba au unajaza tangi?" Dada huyo.
Mpwa wangu, binti yake, ameshika simu anirekodi. "Mjomba, kwani huujui?"
Naujua! Nausikia sikio la kushoto, upande aliokaa Bibi. Nikasema nafuata leso, nikajifungia chumbani kwa Bibi. Naandika nimekaa kitandani pake. Nimejaribu kwa sauti ndogo — imetoka kama bawaba isiyo na grisi.
Sasa wanagonga. Mjomba, mwalimu wa kwaya amefika!
Miaka yote ile benchini nilikuwa nafungua mdomo tu. Na Bibi alikuwa anajua.